Simu ikigoma kuwaka baada ya kubadilishwa programu: Soma dalili zake kabla ya kuifuta

MAFUNDI wa simu katika vibanda vya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na wenzao wa mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, wanaifahamu vyema simu ya namna hii. Kwa nje haina hata mkwaruzo. Kioo chake ni kizima na betri yake ina chaji, lakini ikiwashwa huonyesha nembo ya mtengenezaji, huzima, kisha huanza upya bila kufika popote. Mwenyewe hueleza, mara nyingi kwa kusitasita, kwamba usiku uliopita alikuwa akizibadilisha programu zake.

Swali muhimu kuliko yote mezani kwa fundi ni fupi: ifutwe au isifutwe? Wapo wanaojibu "futa tu, mradi iwake" kabla ya kutafakari kilichomo ndani. Muda si mrefu simu huwaka, ikiwa tupu kama siku ilipotoka dukani, na ndipo mwenyewe anapokumbuka kuwa picha za marehemu mzazi wake, sauti za watoto na orodha ya wadeni wa duka havikuwa vimehifadhiwa mahali pengine popote.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Simu iliyogoma kuwaka baada ya programu zake kuguswa, katika visa vingi haijafa. Njia za kuirejesha zipo kadhaa, ila hazilingani. Baadhi huirejesha pamoja na kila kilichokuwamo, na nyingine huirejesha ikiwa haina kitu. Kinachotenganisha njia hizo mara nyingi ni mpangilio wa hatua, na wakati mwingine ni alama moja tu iliyowekwa katika dirisha la kompyuta.

Simu huwaka kwa kupokezana kijiti

Ili kuelewa kwa nini simu hugoma kuwaka, ni vyema kwanza kufahamu kinachotendeka katika sekunde chache baada ya kitufe cha kuwashia kubonyezwa. Simu haiamki yote kwa pamoja. Huamka kwa hatua, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana kijiti.

Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyowekwa ndani ya prosesa kiwandani. Programu hiyo haifutiki wala haibadilishiki, awe anayejaribu ni fundi au mwenye simu. Kazi yake ni kuitafuta programu ya pili katika hifadhi ya simu, kukagua kama ina saini ya kielektroniki inayokubalika, kisha kuikabidhi kazi. Programu hiyo ya pili ndiyo programu ya kuwashia, ambayo mafundi huiita butiloda. Nayo hukagua na kuamsha kiini cha mfumo, yaani sehemu inayoendesha kamera, kioo, spika na vifaa vingine. Kiini huamsha mfumo wenyewe wa Android, na mwisho mfumo humwomba mtumiaji namba yake ya siri ili kuyafungua mafaili yake.

Hifadhi ya simu nayo imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Kipo chumba cha butiloda, cha kiini, cha mfumo, cha uokoaji, na kingine kinachotunza taarifa za mtandao pamoja na namba ya utambulisho ya simu inayojulikana kama IMEI. Kikubwa kuliko vyote ni chumba cha mtumiaji, ambamo hukaa picha, ujumbe na kumbukumbu za programu zote alizoziweka.

Mtu anayebadilisha programu za simu kwa kawaida huandika upya chumba kimoja au viwili. Vingine hubaki kama vilivyokuwa. Ndiyo maana simu inayoganda kwenye nembo mara nyingi bado inazo picha zote, ila kijiti kimeanguka kabla ya kufika kwa mkimbiaji wa mwisho.

Kinachowasukuma watu kubadilisha

Tangu simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilipoingia sokoni mwaka 2008, wamekuwapo watumiaji wasioridhika na mfumo waliouziwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo wa Android iko wazi kwa umma, wataalamu wa kujitolea wameweza kutengeneza matoleo yao wenyewe. CyanogenMod lilikuwa maarufu kuliko mengi hadi lilipofungwa Desemba 2016, na nafasi yake ikachukuliwa na LineageOS. Mwaka huohuo wa 2016 ilitoka Magisk, programu inayompa mwenye simu mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo bila kukiandika upya chumba cha mfumo wenyewe.

Sababu za kufanya hivyo si za kipuuzi. Simu nyingi za bei nafuu huacha kupokea masasisho mapema, ilhali kioo na betri bado vinafaa. Nyingine hufika zikiwa na programu za kibiashara zisizoondoleka, na katika simu yenye hifadhi ndogo kila megabaiti ina thamani. Wapo pia wanaotaka kuondoa matangazo, kubadili lugha au kuongeza muda wa betri.

Makosa yanayofanyika wakati wa kazi hiyo hayapishani sana. La kwanza ni kutumia faili la simu nyingine. Jina la biashara linaweza kuwa moja huku vifaa vya ndani vikitofautiana. Kwa mfano, Samsung kwa miaka mingi imeuza simu za Galaxy S za toleo moja zikiwa na prosesa ya Exynos katika baadhi ya nchi na ya Snapdragon katika nchi nyingine. La pili ni kazi kukatishwa katikati, ama kwa umeme kukatika, ama kwa waya wa USB uliolegea.

La tatu ni kuondoa programu ya mfumo ambayo nyingine huitegemea. La nne ni kurudisha toleo la zamani kwenye simu inayokataza kurudi nyuma. Google, kwa mfano, ilipotoa Android 13 mwezi Agosti 2022, simu za Pixel 6 zilizopokea toleo hilo hazikuweza tena kurejeshwa kwenye Android 12, kwa kuwa butiloda mpya huikataa ya zamani. La tano ni kuifunga tena butiloda wakati mfumo uliomo umebadilishwa. Butiloda iliyofungwa hukagua saini, na ikikuta mfumo usioutambua hugoma kuuamsha.

Hata hivyo, si kila simu inayoganda kwenye nembo imeharibiwa na mwenyewe. Kati ya mwishoni mwa Mei na Juni 2020, picha moja ya ziwa lililoko katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier nchini Marekani ilizifanya baadhi ya simu za Samsung na Google zenye Android 10 zijiwashe na kujizima bila kukoma, pale tu ilipowekwa kuwa mandhari ya kioo. Kosa lilikuwa katika namna picha hiyo ilivyobeba taarifa za rangi, ambayo mfumo ulishindwa kuipokea. Kwa upande mwingine, Januari 2016 kampuni ya LG ilikiri kuwa tatizo la namna hiyo katika simu za LG G4 lilitokana na vipande vya ndani visivyogusana sawasawa. Hapo hakuna faili ambalo lingesaidia.

Dalili husema kijiti kimeanguka wapi

Kabla ya kuchukua hatua yoyote ni muhimu kutazama simu inafika wapi, kwa kuwa kila dalili huelekeza kwenye chumba chake.

Simu inayopita nembo ya mtengenezaji, ikaanza kuonyesha michoro inayocheza ya Android, kisha ikarudi mwanzo, ina butiloda nzima na kiini kizima. Tatizo lake liko katika mfumo au katika chumba cha mtumiaji, na mara nyingi chanzo ni programu moja iliyoongezwa au kuondolewa. Hii ndiyo nafuu kuliko zote.

Simu inayoganda kwenye nembo ya kwanza, au inayotoa onyo kuwa mfumo wake umebadilishwa kisha ikasimama, kwa kawaida ina hitilafu katika kiini au katika ukaguzi wa saini.

Simu isiyokwenda mbali zaidi ya ukurasa wa maandishi madogo wa Fastboot, au ule wa Samsung wa kupakia mfumo, bado ina butiloda inayofanya kazi. Maadamu ukurasa huo unafunguka na kompyuta inaitambua simu, mlango wa kurejesha programu rasmi uko wazi.

Simu ambayo kioo chake ni cheusi kabisa, lakini ikichomekwa kwenye kompyuta hutambulika kama kifaa cha Qualcomm chenye namba 9008, au huonekana kwa muda mfupi kama kifaa cha MediaTek, imepoteza butiloda. Anayezungumza na kompyuta wakati huo ni yule mkimbiaji wa kwanza asiyefutika. Hali hii inahitaji fundi mwenye faili maalumu lenye saini ya mtengenezaji, na si kazi ya kujaribia nyumbani.

Simu isiyotoa dalili yoyote, haipati joto ikichajiwa na haitambuliki na kompyuta, inapaswa kushukiwa kuwa na tatizo la betri, la tundu la chaji au la bodi yenyewe.

Kuanza na hatua zisizofuta

Kanuni inayopaswa kufuatwa ni kuanza na hatua isiyogusa chumba cha mtumiaji, na kuendelea polepole kuelekea ile inayokigusa.

Hatua ya kwanza ni kuitoa laini na kadi ya kumbukumbu, kuiacha simu kwenye chaji inayoaminika kwa muda wa kutosha, kisha kukishikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde zisizopungua 20. Hatua hii hukata mzunguko wa kujiwasha na kuilazimisha simu kuanza upya. Kadi ya kumbukumbu itunzwe. Picha zilizokuwa humo husomeka kwenye kompyuta yoyote, isipokuwa kama kadi hiyo ilifanywa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, kwani hapo husomwa na simu hiyo peke yake.

Hatua ya pili ni kujaribu hali salama, ambayo huamsha mfumo bila programu alizoziongeza mtumiaji. Katika simu nyingi hupatikana kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti mara nembo inapotokea. Simu ikiwaka kwa njia hii, programu iliyowekwa mwisho ndiyo mshukiwa wa kwanza na inafaa kuondolewa. Kwa wenye Magisk, kuingia katika hali salama huzizima pia nyongeza zake zote, ambazo ni chanzo cha mara kwa mara cha matatizo haya.

Hatua ya tatu ni kuutengua ubadilishaji wenyewe. Aliyeandika kiini kipya anaweza kukirejesha cha awali kwa njia ya Fastboot, mradi awe nacho na kiwe cha toleo lilelile lililomo katika simu. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa utaratibu ulioanza na Android 7.0 mwaka 2016 zina seti mbili za vyumba vya mfumo, ili moja ikiharibika wakati wa kusasisha, simu irudi kwenye nyingine. Kama sasisho ndilo lililoleta tatizo, kurudi kwenye seti ya awali huweza kuinusuru.

Hatua ya nne ni kuipelekea simu sasisho kamili lililo rasmi kupitia waya wa USB, kwa kutumia ukurasa wa uokoaji wa simu yenyewe. Google huchapisha mafaili hayo kwa ajili ya simu za Pixel. Njia hii haihitaji butiloda kufunguliwa, haifuti chumba cha mtumiaji, na hukubali toleo lililo sawa au jipya kuliko lililomo.

Hatua ya tano ndiyo ile ambayo mafundi huiita kuflashi, yaani kuandika upya programu rasmi kwa kutumia kompyuta. Wengi hudhani kuflashi na kufuta ni kitu kimoja. Si kweli, na hapa ndipo alama moja inapoweza kuamua hatima ya picha za miaka.

Kwa simu za Samsung zinazorejeshwa kwa programu ya Odin, kifurushi rasmi huja na mafaili mawili yanayofanana jina. Linaloitwa CSC hufuta kila kitu, na linaloitwa HOME_CSC huacha taarifa za mtumiaji mahali pake. Kwa simu za Xiaomi, programu ya Mi Flash ina chaguo la kuhifadhi taarifa za mtumiaji, lingine la kusafisha vyote, na la tatu la kusafisha vyote kisha kuifunga butiloda. Kwa Pixel iliyofunguliwa butiloda, agizo linaloandika mfumo huwa na herufi "-w" ndani yake, na ni herufi hiyo inayofuta. Ikiondolewa, mfumo huandikwa bila kukigusa chumba cha mtumiaji.

Hatua ya sita na ya mwisho ni kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, kwa maneno ya Kiingereza yanayosomeka "Wipe data/factory reset" katika ukurasa wa uokoaji. Hatua hii hufanikiwa mara nyingi, na urahisi wake ndio huwavuta watu waianze mapema. Inapaswa kuchukuliwa pale tu hatua nyingine zote zimeshindikana, au pale mwenye simu anapokuwa na hakika kuwa hana cha kupoteza.

Kufuli na funguo zake

Wengi hujiuliza kwa nini fundi hawezi kuing'oa tu sehemu ya hifadhi na kuisoma kwenye mashine nyingine, kama ilivyowezekana kwa simu za zamani. Jibu liko katika usimbaji wa taarifa. Kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015, simu mpya zenye nguvu ya kutosha zilitakiwa kutoka kiwandani zikiwa na hifadhi iliyofungwa kwa msimbo. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, sharti hilo liliwekwa kwa simu zote mpya zinazotoka na mfumo huo, zikiwamo za bei nafuu.

Funguo za msimbo huo hutegemea mambo mawili kwa pamoja, yaani siri iliyomo ndani ya simu yenyewe na namba ya siri ya mtumiaji. Hifadhi iliyong'olewa hutoa takataka zisizosomeka. Na simu inapofutwa, kinachoharibiwa kwanza ni funguo. Programu za kompyuta zinazojitangaza kuwa zinaweza kurejesha picha baada ya simu ya aina hiyo kufutwa huuza matumaini yasiyokuwapo.

Jambo la pili ni butiloda iliyofungwa. Katika simu nyingi, kuifungua butiloda hufuta chumba cha mtumiaji kwa makusudi, ili mwizi asiweze kuingiza mfumo wake na kusoma taarifa za mwenye mali. Kwa hiyo mtu ambaye simu yake imegoma kuwaka ikiwa na butiloda iliyofungwa hapaswi kukubali ifunguliwe kama njia ya kuokoa picha. Kwa baadhi ya chapa njia yenyewe haipo. Huawei ilitangaza Mei 2018 kuwa ingeacha kutoa namba za kufungulia butiloda, na Xiaomi humtaka mwenye simu asajili akaunti na kusubiri muda fulani kabla ya kuruhusiwa.

Samsung nayo ina alama ya kudumu ndani ya bodi. Mara tu mfumo usio rasmi unapoingizwa, alama hiyo hubadilika na hairudi tena hata programu rasmi ikirejeshwa. Simu huwaka na kufanya kazi, lakini folda salama na huduma ya malipo ya Samsung hubaki zimefungwa.

Namba ya IMEI inapopotea

Hasara nyingine huonekana siku moja baadaye, simu ikiwa tayari imeshalipiwa na kuondoka kibandani. Inawaka vizuri, lakini haishiki mtandao. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa Afrika Mashariki hutumia prosesa za MediaTek au Unisoc. Programu ya kompyuta inayotumika kwa zile za MediaTek ina chaguo la kupakia tu, na lingine la kufomati vyote kisha kupakia. Chaguo hilo la pili hufuta hata chumba kinachotunza IMEI na taarifa za redio ya simu.

Katika eneo hili hasara hiyo si ndogo. Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikafanya hivyo katikati ya Juni 2016, kwa kutumia namba hizohizo za utambulisho. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadilisha utambulisho wa simu. Fundi anayeandika namba yoyote ile ili simu ishike mtandao anamtia mwenye simu hatarini bila mwenyewe kujua.

Kinga yake ni nyepesi. Namba halisi hupatikana kwa kubonyeza *#06# simu ikiwa nzima, na huandikwa pia kwenye boksi ilimokuja simu. Inafaa kunakiliwa na kutunzwa. Simu inaporudi kutoka kwa fundi, namba inayoonekana ilinganishwe na ile iliyonakiliwa kabla ya malipo kukamilishwa.

Fedha na ujumbe viko wapi

Hofu ya wengi simu inapogoma kuwaka ni fedha. Kwa hili wanaweza kutulia. Salio la M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, pamoja na huduma nyingine za aina hiyo, hutunzwa katika mitambo ya kampuni ya simu na si ndani ya simu. Laini ikihamishiwa kwenye simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, mwenyewe huweza kuangalia salio lake na kuendelea na shughuli wakati simu kubwa ikiwa kwa fundi.

Majina ya watu huwa salama kama yalihifadhiwa kwenye laini au kwenye akaunti ya Google, na hupotea kama yalihifadhiwa kwenye simu pekee. Mazungumzo ya WhatsApp hurejeshwa kutoka nakala iliyowekwa kwenye akaunti ya Google, ikiwa mtumiaji aliiruhusu. Nakala ya kila siku ambayo programu hiyo hutunza ndani ya simu hufutika pamoja na simu.

Akaunti hiyo ya Google ina umuhimu mwingine. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zinapofutwa kupitia ukurasa wa uokoaji hudai nywila ya akaunti iliyokuwamo kabla ya kukubali kutumika tena. Utaratibu huo uliwekwa dhidi ya wezi, lakini huwanasa pia wenye mali waliofunguliwa akaunti na muuzaji dukani na ambao hawakuwahi kuambiwa nywila yake. Kabla ya kukubali simu ifutwe, mwenyewe anapaswa kuwa na hakika ya anuani na nywila hiyo.

Makubaliano kabla ya kazi

Mwenye simu anapoifikisha kwa fundi, maelezo ya kweli ndiyo msaada mkubwa anaoweza kuutoa. Fundi anahitaji kujua ni faili gani liliwekwa, lilitoka wapi, kama butiloda ilifunguliwa, na simu ilifika wapi mara ya mwisho kabla ya kugoma. Aliyeficha kwa aibu humfanya fundi abahatishe, na kubahatisha huishia kwenye kufuta.

Kisha makubaliano yawe wazi, ikiwezekana yaandikwe kwenye risiti, kwamba simu haitafutwa bila ridhaa ya mwenyewe. Fundi anayejua kazi yake hataona shida kueleza ni chaguo gani atalitumia katika kompyuta na kwa nini. Anayejibu kuwa kuflashi lazima kufute kila kitu huenda hajui njia nyingine, na ni haki ya mteja kuichukua simu yake na kutafuta kwingine.

Kwa anayekusudia kuibadilisha simu yake, kazi halisi huanza kabla ya faili la kwanza kupakuliwa. Picha zinakiliwe kwenye kompyuta au kadi. Namba kamili ya toleo la simu isomwe katika mipangilio badala ya kutegemea jina la dukani. Programu rasmi ya toleo hilohilo ipakuliwe na kuwekwa tayari, pamoja na kiini cha awali. Chaji iwe ya kutosha, na kompyuta inayotumika iwe ya mapajani yenye betri, ili umeme ukikatika kazi isiishie njiani.

Aliyejiandaa hivyo, simu yake ikiganda usiku kwenye nembo, huwa na tatizo la saa moja au mbili. Asiyejiandaa anaweza kuipata simu yake kesho yake asubuhi ikiwa inawaka, inapiga na kupokea, lakini haina hata picha moja.